Mstari wa Makaa

Jioni wanafunzi wakimwagika kutoka chuoni, mama mmoja alikuwa akiingia. Ndivyo ilivyokuwa katika chuo kimoja cha ufundi pale Kawangware, msimu wote ule wa mvua. Alipita getini na leso yake kiunoni, mikono imepauka kwa sabuni, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ukuta mrefu uliochorwa na wanafunzi. Ukuta ulikuwa umegawanywa miraba mikubwa, na kila mraba una picha yake yenye rangi: bodaboda, gitaa, ng'ombe wa nyanya ya mtu, mpira wa makaratasi. Mmoja tu ndio haukuwa na rangi. Ulikuwa mweupe, una mistari ya makaa, na mbele ya huo ndipo mama huyo aliposimama mpaka soja wa geti alipokohoa kumkumbusha kwamba anafunga.

Aliitwa Filister, ila kote mtaani kwake Gatwekera alijulikana kama Mama Timo. Wapo waliosema amerukwa na akili. Watu nao! Wenyewe hawajawahi kupotelewa hata na kuku, na midomo haiwakai.

Filister aliletwa Nairobi na mumewe, fundi wa mbao kutoka Khayega. Mume alipokufa kwa ugonjwa wa kifua, mjane hakurudi nyumbani. Alibaki Gatwekera na mtoto mmoja, Timothy, na karai moja la kufulia. Asubuhi alitembea kwa miguu mpaka Kawangware, akafua nguo za watu, jioni akarudi. Kazi ya kufua ni ya kuinama, na mtu akiinama miaka yote hiyo, mgongo husahau kunyooka. Filister alitembea ameinama hata siku ambayo hakubeba kitu. Lakini alijikaza kisabuni mpaka Timothy akaingia chuo kusomea kazi ya mabomba.

Sasa, mojawapo ya nyumba alizofulia ilikuwa ya Mama Gachanja, mwenye ploti, watu wa pale pale tangu enzi za babu zao. Mwanawe Gachanja alikuwa darasa moja na Timothy. Siku moja mbele ya wote Gachanja akasema, akicheka, kwamba mathe ya huyu, yaani mama yake Timothy, ndiye humfulia soksi. Darasa likaangua kicheko. Timothy hakujibu kwa mdomo. Alimpiga ngumi moja ya pua, na damu ikamwagika kwenye meza.

Kutoka hapo mambo yakaharibika. Watoto wa wenye ploti wakakaa upande wao, watoto wa wapangaji upande wao, na kantini ikawa kama nchi mbili. Wakaanza kuitana majina ya makabila. Ujinga wa aina hii huanza na soksi, kisha unasikia watu wanatafutana na rungu.

Madam Waithira, mwalimu mmoja mpole asiyejua kupaza sauti, ndiye aliyeleta wazo la ukuta. Aliwapa sheria moja tu. Kila mtu achore mraba wake kwa makaa, lakini asiupake rangi yeye mwenyewe. Rangi itapakwa na mwenzake aliyempata kwa kura, naye atapaka ya yule mwenzake. Alisema mtu akijua ni nani atakayemalizia kazi yake, itabidi aanze kumsalimia. Wengine walimcheka, lakini ilifanya kazi. Watu walianza kusogeleana pale ukutani, huyu akiuliza shati ni la rangi gani, yule akieleza ng'ombe ana baka wapi.

Kura ya Timothy ilimwangukia Gachanja. Alirudi nyumbani amenuna, akasema bora aache chuo. Filister alimwambia kwamba yeye hainami mchana kutwa ili mtu aache chuo kwa sababu ya soksi. Kesho yake akamkuta anapekua gunia la makaa ya jikoni, akichagua yale membamba, akiyajaribu kwenye kiganja. Mama akamgombeza, makaa ni ya kupikia. Timothy akacheka tu. Kwa juma zima alirudi na vidole vyeusi, na alipoulizwa amechora nini, alijibu kwamba ataona siku ya kufungua ukuta kwa wageni.

Kisha mto unaopita Gatwekera ukapanda.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na alfajiri maji yalikuwa tayari mlangoni. Timothy alimwamsha mama yake, akampandisha mpaka kwenye reli ambako watu walikuwa wakikusanyika na watoto mgongoni. Halafu akarudi chini. Kulikuwa na jirani ambaye mlango wake wa mabati ulikuwa umekwama, na watoto walikuwa wakilia ndani. Jirani alitoka, watoto wakatoka. Watu walimwona Timothy nyuma yao, mkono wake bado umeshika mlango. Kisha ule mstari mzima wa nyumba ukaenda na maji.

Nyumba ya Filister nayo ilienda, na kila kilichokuwa ndani. Nguo za Timothy, madaftari, kitanda, blanketi, hata lile gunia la makaa. Hakubaki na soksi moja ya mwanawe.

Alimtafuta. Alifuata mto mpaka pale maji yanapotulia. Alizunguka hospitali, akaingia mochari, akafunuliwa shuka baada ya shuka mpaka akaacha kuogopa. Mtu akamwambia kuna kijana Kambi Muru anayezurura hajui hata jina lake, na Filister akakimbia, kweli alikimbia, mama wa umri ule. Alimkuta kijana wa watu amekaa kwenye kibaraza. Akamshika uso, akaona siye, akamwomba msamaha. Halafu akamshika uso tena, pengine amekosea mara ya kwanza.

Kutoka Khayega shemeji yake Shivachi alianza kupiga simu. Shivachi hakuwa mtu mbaya. Alimweleza polepole jambo ambalo Filister alilijua tangu utotoni: mtu akipotea na mwili usionekane, nyumbani huchimbwa kaburi, ukakatwa mgomba, ukafungwa nguo ya yule mtu, ukazikwa badala yake. Ndivyo jina lake linavyotulia na walio hai wanavyopata usingizi. Wazee walikuwa wameshasema. Kilichotakiwa ni nguo ya Timothy, hata kama ni leso ya mfukoni.

"Unataka nizike mtoto mzima?" Filister alimjibu, akakata simu.

Na tena nguo angetoa wapi? Hiyo ndiyo iliyokuwa kinga yake. Bila nguo hakuna mgomba, bila mgomba hakuna kaburi, na bila kaburi Timothy yuko mahali. Alishikilia hapo kwa meno.

Madam Waithira alimkuta katika kanisa walikolala watu wa mafuriko, akamwomba aje aone kitu. Filister alimfuata bila kuuliza. Walipofika ukutani akatazama ule mraba mweupe, na akauliza huyu mwanamke ni nani.

Alikuwa mwanamke amesimama wima. Mgongo umenyooka, kidevu kiko juu, mikono mitupu imening'inia kando, haikushika karai wala nguo ya mtu. Anakutazama usoni kama mtu anayekuuliza umekuja kufanya nini. Filister alijitambua kwa fundo la leso tu, lile fundo analolifunga upande wa kushoto. Mwanawe alikuwa amemchora vile ambavyo hakuwahi kusimama. Alilia pale mpaka Madam akalia naye.

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila jioni. Hakuugusa ule mchoro. Alisimama karibu tu, akifuata mistari kwa macho, hapa mwanawe amekaza mkono, hapa amerudia, hapa kidole chake kimepaka kivuli. Madam alimwonyesha picha aliyoipiga kwa simu, akasema ataisafisha kwenye karatasi na kumpa. Filister akaisukuma simu kando. Picha ni ya simu, alisema, mstari ni wa mwanangu.

Basi siku ya kufungua ukuta ikaanza kukaribia, wageni wamealikwa, na mkuu wa chuo hakutaka kusikia habari za mraba usio na rangi. Madam alimbembeleza akasogeza siku mbele. Gachanja naye alikuwa akizungukazunguka. Alikuwa amekonda, kijana yule. Jioni moja alimsogelea Filister, kofia mkononi.

"Mama Timo, mimi ndiye nilipewa mraba wake. Nikubalie nimalizie. Nitafuata mstari wake vile uko."

"Ukishamaliza, yeye atarudi kufanya nini?"

Gachanja aligeuka, akautazama ule mraba.

"Usiweke mkono wako pale," Filister akasema. "Umenisikia? Usiguse chochote pale."

Alisema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia katika nyumba za watu. Kijana aliinamisha kichwa, akaondoka. Na msimlaumu haraka huyo mama. Habari ya zile soksi alikuwa ameisikia, na Jumatatu yake alizifua vilevile, akazianika.

Ila mvua haina adabu. Ilirudi na upepo, ikapiga ukuta kwa ubavu, na siku moja Filister alipofika aliona mguu mmoja wa mwanamke wa makaa haupo. Umekuwa ukungu wa kijivu unaotiririka chini. Akauliza nani ameugusa, na soja akasema hakuna, ni mvua. Madam akaitwa. Safari hii hakuzunguka maneno. Alimwambia makaa hayashiki ukutani hivihivi. Ama Gachanja apake rangi juu ya mistari ile ingali inaonekana, ama mvua itaichukua yote. Amua, mama, alisema, na alikuwa akimshika mkono.

Fikiria wewe. Ukikubali rangi, mkono wa mwanao unafunikwa na mkono wa yule aliyemcheka. Ukikataa, maji yale yale yaliyomchukua mwanao yanakuja kuchukua na kilichobaki. Filister alirudi Gatwekera hakula, hakulala, na watu wa kanisani walimsikia akiongea peke yake.

Jumapili baada ya ibada akapata njia yake ya tatu. Alichukua ile karatasi ya nailoni waliyopewa watu wa mafuriko ya kutandika chini, akaomba misumari kwa fundi, akaenda chuoni. Soja alimwonea huruma, akamwachia ngazi. Filister alipanda mwenyewe, mgongo wake ule, akaipigilia nailoni juu ya mraba kwa jiwe, pembe hii na pembe ile. Ilimfunika yule mwanamke kuanzia kichwani hadi mguuni. Mvua ikaanza kabla hajashuka, na akaona matone yanateleza juu ya nailoni yanaenda zake. Alicheka. Soja alisema baadaye kwamba hajawahi kumwona akicheka. Usiku huo alilala mpaka asubuhi, mara ya kwanza tangu mto upande.

Jumatatu nguo zilikuwa nyingi, hakuweza kufika. Upepo ulivuma siku ile mpaka mabati ya watu yakang'oka. Filister akiwa ameinama kwenye karai aliusikia, akawaza, vuma tu, yeye amefunikwa.

Jumanne alipofika, Gachanja alikuwa amekaa chini mbele ya ukuta, magoti kifuani. Nailoni ilikuwa bado imeshika pembe zote, lakini katikati ilikuwa imelegea, inajaa upepo, inapigapiga ukuta, inarudi, inapigapiga tena. Filister alichomoa msumari mmoja kwa vidole. Akafunua.

Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na weupe uliochafuka tu, kama ukuta wa jikoni. Hakuna kidevu, hakuna fundo la leso, hakuna hata kivuli cha kidole. Nailoni ilikuwa imesugua, ikasugua, siku mbili nzima, ikamfuta wote.

"Niliiona jana," Gachanja alisema bila kuinua uso. "Niliiona inapigapiga. Nilitaka kuitoa. Lakini uliniambia nisiguse."

Filister alikaa kwenye matope. Hakupiga mayowe. Wanafunzi waliokuwa wakitoka walisimama, wa upande huu na wa upande ule, hakuna aliyejua la kufanya. Mto angalau ungelaumiwa. Mvua ingelaumiwa. Sasa angemlaumu nani?

"Ni mimi," alisema hatimaye. "Nimemfuta mwenyewe, na mikono yangu hii."

Gachanja akasema anaukumbuka mchoro wote, ameutazama kila siku, anaweza kuuchora tena vile ulivyokuwa. Filister alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira tena. Hiyo ndiyo iliyomtisha Madam Waithira alipofika mbio, kwamba mama huyu hakuwa na hasira tena na mtu yeyote. Alikuwa amekwisha.

Giza lilipoanza kuingia, Filister aliinuka ili aitoe ile nailoni. Akaigeuza. Upande wa ndani ulikuwa mweusi. Makaa yote yaliyotoka ukutani yalikuwa pale, yamepakana hovyo, hayana umbo, lakini ni yale yale aliyochagua Timothy kwenye gunia na kuyajaribu kiganjani. Aliishika mbali na mwili wake, akiogopa hata kuipumulia. Kisha akaomba simu ya Madam, akampigia Shivachi.

"Shemeji, kateni mgomba."

Shivachi akauliza kama amepata nguo.

"Nina kitu chake," Filister alisema, na simu ikarudishwa kwa mwenyewe.

Alimgeukia Gachanja. "Si mlipatana mmoja aanze, mwingine amalizie? Basi utakuja Khayega umalizie."

Kuhusu mraba, alimwambia Madam afanye apendavyo, na hakuutazama tena.

Wakasafiri, mama, kijana na mwalimu, na ile nailoni imekunjwa mara mbili upande mweusi ukiwa ndani, Filister ameipakata njia nzima. Mama Gachanja alikuwa amemkataza mwanawe, akisema haendi kuzika mgomba wa watu wasio wake, na Gachanja akaja hivyohivyo, na shati jeupe alilokusudia kuvaa siku ya kufungua ukuta, koti juu yake. Nyumbani kaburi lilikuwa limeshachimbwa kando ya baba yake Timothy. Mgomba ulikuwa umelazwa juu ya majani, mbichi, bado unatoa maji. Wazee wawili walinong'ona kwamba nailoni si nguo. Shivachi aliitazama, akamtazama shemeji yake, akawaambia wanyamaze.

Gachanja ndiye aliyeombwa kuikunjua. Alivua koti, akashika pembe mbili, Shivachi akashika mbili, wakaisogeza kwenye mgomba. Na hapo upepo, upepo ule ule jamani, ukaijaza na kuibandika kifuani mwa Gachanja. Aliishusha haraka. Wakaufunga mgomba, upande mweusi ukigusa gome lake, wakaufunga kwa kamba, wakauteremsha. Filister aliita jina la mwanawe mara moja, kwa sauti iliyofanya watoto waliokuwa mbali waache kucheza. Kisha akamtazama Gachanja akitupa udongo. Vijana wa pale walitaka kumpokea jembe, akakataa. Alitupa mpaka likajaa, mpaka viganja vikachubuka.

Watu walipoanza kwenda kula, kijana alibaki pale akihema. Ndipo alipoona shati lake. Kifuani kulikuwa na alama pana nyeusi ya makaa, kutoka bega mpaka tumboni. Aliona aibu, mbele ya kaburi na shati chafu namna ile, akainua mkono ajipanguse.

Filister aliudaka mkono huo. Vidole vyake, vilivyokuwa vimetoa madoa ya kila namna katika nguo za nyumba ya kijana huyu, vilimshika kwa nguvu ambayo Gachanja hakuitarajia.

"Usiifute," alimwambia. "Na hiyo shati usiniletee niifue."

Gachanja akaitika kwa kichwa. Alivaa tena koti lake, akafunga vifungo juu ya alama ile, polepole, asiiguse.